Bi Hyacinth na jina la ndoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msimu wa kwanza wa Keeping Up Appearances

Kila nikimwonyesha mtu kipindi hiki cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza kwa mara ya kwanza, maswali huwa yale yale. Shangazi yangu aliyauliza enzi za kanda za VHS, na wiki iliyopita binamu yangu ameyarudia akiwa na simu mkononi. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mtu ambaye hajaona hata dakika moja, hadi ya wale waliokwisha kutazama na kubaki na dukuduku. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, nimeonyesha pa kulitafuta.

## Kwa anayeanza

Kipindi chenyewe kinahusu nini?

Kinamhusu mwanamke wa makamo wa Kiingereza, Hyacinth, anayetaka dunia nzima imchukue kuwa ni mtu wa tabaka la juu. Ana nyumba nadhifu, mume mpole, vikombe vya kaure na simu nyeupe anayojivunia kana kwamba ni mtoto aliyefaulu mtihani. Tatizo ni ndugu zake. Dada zake wawili, Daisy na Rose, wanaishi kwenye nyumba za halmashauri, zile za kupangishwa watu wa kipato kidogo, pamoja na Onslow, mume wa Daisy, na baba yao mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Huko bustanini kuna gari bovu, geti limeng'oka, na ndani kitanda hakitandikwi.

Kwa lugha ya Dar es Salaam, Hyacinth anaigiza ushua ilhali ndugu wako uswahilini, tena si mbali. Kila sehemu anaandaa jambo la heshima, na kila mara ndugu wanatokea.

Jina la kipindi lina maana gani?

Ni msemo wa Kiingereza wa mtu anayejitahidi asionekane amepungukiwa mbele za watu. Kiswahili hakina neno moja linaloubeba wote, ila "kujikweza" linakaribia, na "kujishaua" linakaribia zaidi.

Msimu wa kwanza ulitoka lini, na una sehemu ngapi?

Sehemu 6, kila moja kama nusu saa. Ya kwanza ilirushwa na BBC1 Jumatatu ya tarehe 29 Oktoba 1990, na ya mwisho tarehe 3 Desemba mwaka huo huo. Waingereza wana kawaida ya misimu mifupi namna hii, hivyo usidhani kuna sehemu zilizopotea.

Katikati ya wiki hizo sita, tarehe 22 Novemba, Margaret Thatcher alitangaza kuachia uwaziri mkuu. Thatcher alikuwa binti wa mwenye duka la vyakula aliyeinyosha sauti yake mpaka ikasikika ya kibwanyenye. Sisemi Hyacinth alichongwa kutoka kwake. Ninachosema ni kwamba Waingereza waliokaa mbele ya televisheni mwaka huo hawakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kubadili sauti ili apande ngazi.

Nani aliandika, na nani aliongoza?

Aliyeandika ni Roy Clarke, ambaye kabla ya kuishi kwa kalamu aliwahi kuwa polisi na mwalimu. Ndiye pia mwandishi wa Last of the Summer Wine, kipindi kilichodumu kuanzia 1973 hadi 2010. Kazi ya kuongoza na kutayarisha ilikuwa ya Harold Snoad.

Lazima nianze na msimu wa kwanza?

Si lazima, kwa sababu kila sehemu inajitegemea. Lakini anza nao. Karibu mitego yote ya kuchekesha imetegwa humu, na misimu inayofuata inarudi kuiteguateguа tu kwa namna mpya. Mtu aliyeanzia katikati atacheka. Aliyeanzia mwanzo atacheka kabla ya kichekesho kufika, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

## Jina na wahusika

Kwa nini anakasirika akiitwa kwa jina lake?

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mtazamaji, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina la ukoo la mumewe linaandikwa Bucket, yaani ndoo. Ndoo ile ile ya kuchotea maji. Hyacinth hawezi kuishi akiitwa Bi Ndoo, basi ameamua kwamba jina litamkwe Kifaransa, "buke", kama neno Bouquet, ambalo ni shada la maua. Herufi kwenye barua zinabaki za ndoo, mdomoni linatoka shada. Akipokea simu hutangaza kwa madaha kwamba hapa ni nyumbani kwa Bouquet na anayezungumza ni mama mwenye nyumba mwenyewe. Tarishi, kasisi, muuza maziwa, kila anayekosea anasahihishwa papo hapo mlangoni.

Utamu umejificha kwa mumewe, Richard. Jina ni la ukoo wake yeye, si la mke. Anakiri kwamba lilikuwa Bucket siku zote mpaka alipokutana na Hyacinth. Mwanamke kaolewa, kakuta jina la watu, kalikarabati kama mtu anavyokarabati nyumba ya kupanga.

Na majina ya maua je?

Mabinti wote wa nyumba ile wamepewa majina ya maua. Hyacinth ni ua lenye harufu kali linalochanua majira ya kuchipua. Daisy ni kijiua cheupe kinachojiotea hata kwenye nyasi za barabarani. Rose ni waridi. Violet, dada wa nne, ni kile kidogo cha zambarau. Kwa Hyacinth pekee ndipo jina la kwanza na la ukoo vinapogombana: ua ndani ya ndoo.

Wahusika wakuu wa msimu huu ni nani na nani?

Hyacinth anaigizwa na Patricia Routledge, aliyekuwa na umri wa miaka 61 kipindi kilipoanza. Richard ni Clive Swift, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka saba. Anafanya kazi halmashauri na anajua kuvuta pumzi ndefu kuliko mwigizaji yeyote ninayemfahamu. Daisy ni Judy Cornwell. Onslow ni Geoffrey Hughes, mwenye singlendi, kofia, bia na krispi. Huyu ndiye aliyetoa sauti ya Paul McCartney katika filamu ya katuni ya Yellow Submarine ya mwaka 1968. Rose wa msimu huu ni Shirley Stelfox (tazama "Mbona Rose amebadilika?" hapo chini). Baba mzee ni George Webb, na kasisi ni Jeremy Gittins.

Halafu kuna Elizabeth, jirani, anayeigizwa na Josephine Tewson. Mumewe yuko kazini Saudi Arabia na hatumwoni kamwe. Kwa wasomaji wenye jamaa Ghuba, hilo halihitaji maelezo: nyumba ipo, mke yupo, mume ni simu. Elizabeth yuko peke yake, na nadhani ndiyo sababu hana kisingizio cha kukataa akialikwa kahawa.

Kwa nini Elizabeth anamwaga kahawa kila mara?

Anatetemeka kwa woga. Tazama mikono yake tangu anapoingia jikoni. Hyacinth anamsogezea kikombe cha Royal Doulton, kaure ya kifahari ya Kiingereza, chenye maua yaliyochorwa kwa mkono, na papo hapo anamkumbusha thamani yake na jinsi kilivyo shida kupata kingine. Mkono unaanza kucheza. Kisahani kinalia. Hyacinth anatazama kikombe, si mgeni. Tewson anamaliza yote hayo kwa vidole tu, bila kusema neno. Kwangu mimi ndiyo kazi bora kuliko zote katika msimu huu, ikiwa ni pamoja na ya Routledge.

Ukiwa umekulia kwenye nyumba yenye kabati la vyombo vya wageni, lile ambalo watoto hawaruhusiwi kulikaribia, utamwelewa Elizabeth kwa mwili mzima.

Sheridan ni nani, na atatokea lini?

Ni mtoto pekee wa Hyacinth na Richard, na hatokei. Hatumwoni wala hatusikii sauti yake katika misimu yote mitano. Anapiga simu akiwa chuoni, mama anayeyuka kwa mapenzi, kisha tunatambua kwamba anaomba hela. Richard anajua hivyo kabla simu haijainuliwa.

Violet naye?

Dada wa nne, aliyeolewa na mwenye pesa. Hyacinth hamtaji bila kutaja Mercedes, chumba cha mvuke na uwanja wa kutosha kufuga farasi mdogo. Katika msimu wa kwanza ni mtu wa kwenye simu. Baadaye anaonekana, na inajulikana kwamba ndoa yake si ya kuonea wivu.

## Sehemu sita, moja baada ya nyingine

Kila sehemu inahusu nini?

Bila kuharibu uhondo. Ya kwanza ni ajali ya baba mzee, ambayo Hyacinth angependa ifahamike na watu wachache iwezekanavyo. Ya pili ni kuwasili kwa kasisi mpya na vita vya kumkaribisha chai kabla ndugu hawajamwona. Ya tatu ni matembezi kwenye jumba la kale la mabwana wakubwa, aina ya majumba ambayo siku hizi hufunguliwa kwa watu kwa kiingilio. Hyacinth amekwenda kutafuta watu wa hadhi yake, na Onslow naye amekwenda kutembea.

Ya nne ni duka la hisani, ambako nguo na vyombo vilivyotolewa na watu huuzwa ili kupata fedha za kusaidia. Mtazamaji wetu aijue hiyo: zisizouzika kwenye maduka ya aina hiyo ni sehemu ya zile zinazofungwa marobota na kusafirishwa, na huku tunaziita mitumba. Kwa Hyacinth kujitolea pale ni heshima, mradi asidhaniwe mteja.

Ya tano, Daisy anajifanya ana kibenteni ili Onslow aone wivu. Onslow anaendelea na bia yake. Ya sita ni ubatizo katika familia ya Daisy na Onslow, ambapo Hyacinth anataka sherehe ya kifalme na ndugu wanataka waje tu.

Ipi bora?

Ya kasisi mpya. Imejengwa vizuri kuliko zote, kwa sababu inambana Hyacinth kati ya mtu anayetaka kumvutia na watu anaotaka kuwaficha, halafu inamleta Rose, ambaye hawezi kuona kasisi kijana akabaki ametulia. Watu wengi hunitajia ya ubatizo. Sibishani nao sana.

Ipi dhaifu?

Ya tano. Wazo ni zuri, lakini Hyacinth anabaki pembeni mno.

## Utani ambao haufiki mara moja

Mbona anambadilishia sauti kila mtu?

Uingereza lafudhi ni kitambulisho. Mtu hufungua kinywa na wenzake wameshajua alikozaliwa na pengine alikosoma. Daisy na Onslow wanasema kama walivyolelewa. Hyacinth amelelewa nyumba ile ile, lakini amejifunza Kiingereza cha juu, na sauti ya simu ndiyo ya juu kuliko zote. Msikilize anapokuwa na hasira au hofu: lafudhi ya nyumbani inachungulia.

Kama umewahi kumsikia mtu aliyekaa ng'ambo miezi minane akirudi na Kiswahili cha kupapasa, kisha akanyagwe mguu kwenye daladala, unaijua sayansi yake.

Kula kwa mishumaa kuna nini cha kujivunia?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote. Kwetu mishumaa mezani maana yake umeme umekatika. Kwa Hyacinth, chakula cha usiku cha mishumaa ni ishara ya ustaarabu: meza imepangwa, visu na uma vya kila aina, wageni waliochaguliwa. Wageni hao wanaogopa. Akitoa mwaliko, watu hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Kwa nini Richard haondoki?

Anaendesha gari huku mke akimwelekeza kila kitu cha barabarani, hata watembea kwa miguu ambao wako mbali na wala hawavuki. Anajibu kwa upole kwamba amewaona. Mtu anaweza kuiona ndoa hiyo kama jela. Mimi naona Swift alimchezea Richard kama mtu anayejua siri moja: huyu mwanamke haigizi kwa ubaya. Anaamini. Na ukimtazama Richard pembeni ya tukio wakati mkewe anaaibika, uso wake hausherehekei. Mara nyingi ndiye anayekimbia kumfunika.

Je, Hyacinth anawachukia ndugu zake?

Hapana, na mtu asipoliona hili atachoka na kipindi mapema. Anawaficha. Anaomba gari la Onslow, lenye mlio wa baruti, lisiegeshwe mbele ya nyumba yake. Anainama ndani ya gari wasimwone. Lakini baba akipatwa na jambo, simu inaita, na yeye ndiye anayevaa kofia na kwenda. Hajawahi kubadili namba. Anapita kwenye geti lile lililong'oka, mbwa anamkurupusha kutoka ndani ya gari bovu mpaka anaangukia majani ya ua, anajifuta, anaingia.

Aibu yake ni ya mtu anayekwenda. Wapo wanaoona aibu wakaacha kwenda kabisa, na hao hawafai kwa vichekesho.

Nani basi anachekwa, maskini au anayejikweza?

Anayejikweza, bila shaka. Onslow na Daisy ndio wenye raha: hawadaiwi sura na mtu, na wanapendana kwa namna yao ya kivivu. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kipindi hakiwagusi maskini kabisa. Kuna utani kuhusu nyumba yao ambao ungekuwa mchungu kama Hughes asingempa Onslow heshima ya mtu anayejitosheleza. Katika misimu ya mbele tunagundua anasoma mambo ya fizikia kitandani, na hakuna anayeshangaa ila sisi.

## Jinsi kilivyotengenezwa

Vicheko ni vya kweli?

Ndiyo. Matukio ya ndani yalirekodiwa studio mbele ya watazamaji. Ya nje yalipigwa kwanza mitaani, kisha watazamaji wale wakaonyeshwa, nao wakacheka. Ndiyo maana waigizaji husimama kidogo baada ya mzaha: wanasubiri watu wamalize.

Nyumba ziko wapi?

Mji wa kwenye hadithi hautajwi jina. Nyumba ya Hyacinth iko Binley Woods, kijiji kilicho nje kidogo ya Coventry, na ya Onslow ilikuwa Stoke Aldermoor, ndani ya Coventry yenyewe. Kwa gari ni karibu. Wenyeji wa nyumba hizo ni watu wa kawaida, kwa hiyo ukifika, tazama ukiwa barabarani.

Mbona Rose amebadilika?

Kuanzia msimu wa pili Rose anaigizwa na Mary Millar, kwa kuwa Stelfox alikuwa na kazi nyingine. Rose wa Stelfox ni mkavu, anatembea kama mtu anayejua anachokitaka. Wa Millar analia zaidi, anatishia kwenda utawani, na ndiye wengi wanayemkumbuka. Nikiulizwa, namchagua wa kwanza, ingawa najua niko peke yangu.

Jirani yule mwanamume mwenye muziki mbona simwoni?

Unamsema Emmet, kaka wa Elizabeth, anayeigizwa na David Griffin. Anaingia msimu wa pili. Umeanzia mbele, rudi kwenye "Lazima nianze na msimu wa kwanza?"

Sehemu ya Krismasi ni ya msimu huu?

Hapana. Ya kwanza ya Krismasi ilirushwa tarehe 25 Desemba 1991, baada ya msimu wa pili.

## Mengineyo

Naweza kutazama na watoto? Na wakwe je?

Watoto, ndiyo. Hakuna matusi ya kuogofya wala vitu vya kuficha macho. Kuna bia ya Onslow, sketi fupi na wanaume wa Rose, na vitimbi vya baba mzee. Watoto hupenda mbwa na kuangukia majani.

Wakwe ni hesabu nyingine. Mimi niliwahi kutazama sehemu ya kahawa nikiwa nimekaa na mama mkwe, sebuleni kwake, mbele ya kabati la vyombo vya wageni. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniuliza nani hasa ninayemwona pale. Nikasema namwona Elizabeth. Akanyamaza kidogo, akaniletea chai kwenye kikombe cha plastiki.

Kwa nini kilienda nchi nyingi hivyo, wakati utani ni wa Kiingereza mno?

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hakuna kipindi cha BBC kilichokuwa kimeuzwa nje kuliko hiki: mauzo karibu 1,000 kwa vituo vya nchi mbalimbali. Kila mahali pana kabati la vyombo vya wageni na shemeji wa aina ile. Sidhani pana la kuongeza hapo.

Kwa nini kilikoma?

Baada ya misimu 5 na jumla ya sehemu 44, cha mwisho kikiwa cha Krismasi ya 1995, Routledge aliamua kutoka. Mwaka uliofuata akaonekana kama mpelelezi katika Hetty Wainthropp Investigates. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 96.

Nikimaliza msimu wa kwanza, nitazame nini?

Wa pili, mara moja, ili umzoee Rose mpya kabla hujamkasirikia. Achana kwanza na Young Hyacinth, sehemu moja iliyotolewa 2016, iliyoandikwa na Roy Clarke mwenyewe, ambamo Kerry Howard anamwigiza Hyacinth akiwa msichana anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba za wenye uwezo. Ukiitazama mapema itakuonyesha alikojifunzia kupanga meza, na utaanza kumhurumia kabla hujapata nafasi ya kumcheka.